Tafakuri ya Ramadhani 17: Kabla ya Kupaka Rangi



Leo zamu ya kuandika imeniangukia mimi fundi seremala. Mimi si ustadh, nitasema ninachokijua.

Wengi hudhani rangi ya mbao inaficha makosa. Wapi! Ile nyepesi inayonywewa na mbao ndiyo inayoyafichua. Ukipiga msasa kukata nyuzi za mbao, michirizi inatokea myeusi. Likibaki tone la gundi, rangi haiingii, panabaki doa. Ndiyo maana tunaanza na msasa namba 80, wenye makali, halafu 120, halafu 180 au 220, tukifuata nyuzi na kufuta vumbi kila hatua. Ukiruka kutoka 80 hadi 220, mkono utahisi ulaini, lakini mikwaruzo ya mwanzo bado ipo.

Sasa niseme la aibu. Miaka kadhaa nyuma nilitengeneza kabati la mninga, mlango ukapasuka. Nikaziba kwa gundi na unga wa mbao, nikapagusia rangi nzito, nikamaliza na vanishi. Mama aliyenunua alilisifu sana, akalipa bei ya mlango mzima. Hakuuliza, nami sikusema. Nikajiambia: sijatamka uongo wowote.

Je, kunyamaza si uongo? Tunaijua habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la chakula, vidole vikakuta majimaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Aliulizwa kwa nini kilicholowa hakukiweka juu watu wakione. Mbao nazo hupasuka, hilo si kosa la fundi. Kosa langu ni kuuficha ufa nikachukua pesa kamili.

Tangu hapo nimefunga Ramadhani nyingi, nimesali tarawehe, nimekhitimisha juzuu. Yote hayo ni kheri, lakini kwangu yalikuwa msasa namba 220. Haki ya mtu ni mkwaruzo wa namba 80, hauondoki kwa kulainisha juu. Masheikh wetu wanatufundisha kila siku: toba ya haki ya mja haikamiliki mpaka umrudishie mwenyewe au akusamehe.

Jana baada ya tarawehe nikampigia yule mama. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Fundi, mwanangu, huo ufa nauona tangu mwaka wa pili. Nilikuwa nangoja useme."

Baada ya Idd, inshaAllah, nakwenda kumwekea mlango mpya kwa gharama yangu.

Swali la leo: nani unadhani amesahau, kumbe anangoja useme?

Ewe Mola wetu, tupe ujasiri wa kurudisha haki za watu kabla hatujasimama mbele Yako. Aamin.

Futari njema. Mtumie na mwenzio.