Sadaka na Heshima

Mwenye njaa ana mahitaji mawili. La kwanza ni chakula, nalo huonwa na kila mtu. La pili ni heshima, nalo halionwi ila na mwenye moyo mwangalifu. Tumbo likishibishwa na uso ukafedheheshwa, mhitaji amepewa kwa mkono mmoja akanyang'anywa kwa mkono wa pili. Je, yawezekana kutoa sadaka isiyomvunjia heshima mpokeaji? Jibu moja la swali hili halikuandikwa kwa wino. Lilijengwa kwa matofali na chokaa katika mji wa Lucknow, kaskazini ya Bara Hindi, na mpaka leo limesimama.

Lucknow ulikuwa mji wa manawabu wa Awadh, nchi ambayo sasa imo katika jimbo la Uttar Pradesh. Nawabu Asaf-ud-Daula alihamishia makao yake huko kutoka Faizabad mwaka 1775. Katika miaka ya 1783 na 1784 njaa kuu iliingia kaskazini ya Bara Hindi. Nawabu akaamuru ijengwe imambara, yaani nyumba ya maombolezo ya Imamu Husein, aliyeuawa Karbala mwaka 680. Neno hilo si geni Unguja, ambako Waislamu wa Kishia wana imambara zao. Walakini Imambara Kubwa ya Lucknow ilikuwa na faida nyingine kabla haijaezekwa: aliyebeba tofali alipata ujira, na ujira ukawa chakula.

Kazi iliyofanywa ni ya ajabu. Ukumbi wake una urefu wa kadiri ya mita 50, upana wa kadiri ya mita 16, na kimo cha kadiri ya mita 15. Hauna nguzo katikati, wala paa lake la matao halikuchukuliwa na boriti za mbao au chuma. Tofali limeshikana na tofali. Juu yake zimo njia nyembamba zipindazo huku na huku, ambamo mgeni asiye na kiongozi hupotea. Kule Agra, katika jimbo hilo hilo, Taj Mahal ilijengwa kwa marumaru juu ya kaburi la malkia aliyependwa. Tofali ni duni mbele ya marumaru, lakini tofali la Lucknow lina sifa yake: lililisha aliyelibeba.

Masimulizi ya mji huo yaongeza jambo. Husemwa kwamba mchana watu wa kawaida walijenga, na usiku waungwana waliofilisika walikuja gizani kubomoa sehemu ya kilichojengwa, wakalipwa bila ya nyuso zao kujulikana. Hivyo kazi haikuisha upesi, na aibu ya mkubwa ikasitiriwa. Sisemi kwamba kila neno la masimulizi hayo ni historia. Lakini watu hawatunzi hadithi kizazi baada ya kizazi ila wamependa kitu ndani yake, na hapa walipenda sitara.

Yako mapingamizi, na haki yataka tuyasikie. Mzee, mgonjwa na mtoto hawawezi kubeba tofali. Kwao nafaka ya bure ndiyo iliyo bora. Tena mali ya mtawala hutoka katika kodi za wakulima, na huenda mpokeaji akarudishiwa sehemu ndogo ya kilichokuwa chake. Kwa hiyo shukrani nayo iwe na kipimo.

Pingamizi lililo zito zaidi ni juu ya usiku ule. Aghalabu usiku ndio unaosifiwa, kwa kuwa ulificha uso wa muungwana. Mimi nausifu mchana. Mtu akilipwa achimbe shimo kisha alifukie, amepata mkate, lakini mikono yake imeambiwa kwamba jasho lake halina maana. Heshima si kufichwa tu wakati wa shida. Heshima ni kuhitajiwa pia. Aliyejenga mchana aliweza kumwongoza mwanawe baadaye, akamwonyesha ukuta, akasema, "Huu nilishiriki kuujenga." Aliyebomoa usiku hakuwa na cha kuonyesha. Wote wawili walikula, lakini mmoja tu alibaki na kitu baada ya kula. Kumsitiri mhitaji ni wema. Kumpa nafasi ya kuwafaa wengine ni wema mkubwa zaidi.

Asaf-ud-Daula alikufa mwaka 1797, akazikwa ndani ya imambara hiyo. Mwaka 1856 ufalme wa Awadh ulitwaliwa na Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya Hindi, na enzi ya manawabu ikakoma. Paa halikuanguka. Nawabu amelala chini ya matao yaliyojengwa na watu ambao wengi wao majina yao hayajulikani. Yeye aliwapa chakula cha siku, wao wakampa sitara ya zaidi ya miaka mia mbili. Basi mfadhili ni nani, na mfadhiliwa ni nani?

Wahenga walisema kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ni kweli, na moyo huo hutimia pale mtoaji anapokumbuka kwamba mkono uliokunjuliwa mbele yake waweza kupokea, na waweza kujenga vile vile.