Jazba na Hesabu: Transi ya Saikedeliki Mikononi mwa Mwandika Programu

Swali la iwapo jazba, yaani ile hali ya mtu kuchukuliwa na sauti hadi akajisahau, imo ndani ya sauti yenyewe au imo ndani ya anayeisikiliza, ni la zamani kuliko kompyuta, lakini limepata sura nyingine tangu watu waanze kutunga muziki wa transi ya saikedeliki kwa kuandika msimbo, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata neno kwa neno. Muziki huo ulikomaa mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika fukwe za Goa, magharibi mwa India, hasa Anjuna, ambako wageni waliotoka Ulaya, Israeli na Marekani walicheza usiku kucha hadi jua likachomoza. Jina lake limebeba dai zito. Saikedeliki ni neno ambalo daktari wa magonjwa ya akili Humphry Osmond alilibuni katika miaka ya 1950 kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja la nafsi na jingine la kudhihirika, akikusudia kuzitaja dawa zinazobadilisha fahamu. Transi nayo ni hali ambayo watu wa Pwani wangeiita kupandwa au kupagawa. Goa Gil, Mmarekani aliyekuwa mpigaji mashuhuri wa muziki huo na aliyefariki mwaka 2023, alishikilia kwamba usiku wa namna hiyo ni ibada ya kale iliyorudi kwa vyombo vipya. Dai hilo linastahili kupimwa, na pa kulipimia ni mezani pa mtu anayeutunga muziki huo kwa hesabu.

Mwandika programu wa ridhaa, asiyelipwa kwa kazi hiyo wala kutegemea kulipwa, huanza na namba. Kasi iliyozoeleka ni mapigo 145 hivi kwa dakika. Pigo moja basi huchukua sekunde 0.414, na likigawanywa mara nne, kila kipande huwa milisekunde 103 na ushei. Katika kipande cha kwanza huwekwa kiki, ile ngoma nzito inayogonga chini, na katika vitatu vinavyofuata huwekwa besi fupi fupi, hata ukapatikana mkururo unaokimbia bila kuhema. Sauti ndani ya kompyuta ni mlolongo wa namba, kwa kawaida 44,100 kwa kila sekunde, kila namba ikitaja mahali ambapo utando wa spika unapaswa kuwa. Kwa hiyo kipande kimoja kinahitaji namba 4,562.07, ilhali mlolongo hauna nafasi ya chembe ya namba. Asiye mwangalifu huikata chembe hiyo akaandika 4,562. Akifanya hivyo kwa besi peke yake, huku kiki ikihesabiwa sawasawa, baada ya dakika 7 besi itakuwa imetangulia kwa milisekunde 6 hivi, muda ambao sikio halitambui kama kuwahi wala kuchelewa, lakini ambao, kwa sauti nzito inayotikisika mara 50 kwa sekunde, ni karibu theluthi ya mtikisiko mmoja. Mawimbi yaliyokuwa yakisaidiana huanza kulana, na kifua cha mchezaji, ambacho hakijasoma hesabu yoyote, huona kuna kitu kimepungua.

Hii ndiyo sababu mazungumzo ya wapenzi wa kazi hii wanapokutana huwa makavu kuliko jina la muziki wao. Hubishana kama besi imekaa au haijakaa, na kama chujio, yaani ile sehemu ya programu inayozuia mitikisiko ya juu na kuachia ya chini, linafunguka mapema mno. Mpaka wa chujio ukiwa mkali na ukasogezwa taratibu, sauti hutoka kama ya mtu anayefumbua kinywa akihama kutoka irabu ya u hadi ya i, na hapo ndipo wasikilizaji wengi hufumba macho. Athari hiyo ilienezwa na TB-303, mashine ndogo ya kampuni ya Roland ya Japani iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili ishike nafasi ya mpiga besi, ikadoda sokoni, kisha ikapata uhai wa pili mikononi mwa vijana wa Chicago. Leo huigwa kwa mistari michache ya msimbo. Juu ya yale yanayompata msikilizaji, wabishani hawa husema machache sana, na unyamavu huo una uaminifu kuliko mahubiri mengi yaliyotolewa ufukweni.

Jambo la bahati nasibu linaukaza mjadala. Katika Sonic Pi, programu ya bure ambayo Sam Aaron aliianzisha Cambridge, Uingereza, kwa ajili ya kufundishia, mtunzi anaweza kuiagiza kompyuta ichague noti kwa kubahatisha, lakini ubahatishaji wenyewe hutokana na namba ya kuanzia iitwayo mbegu, na mbegu ikiwa ile ile, noti zitakuwa zile zile kila mara msimbo unapoendeshwa, leo na mwakani. Msikilizaji anayeshtuliwa na noti asiyoitazamia hushtuliwa na jambo lililokwisha kuandikwa. Mwanafunzi wa elimu ya kadari angetabasamu hapa, ingawa mfano huo usivutwe mbali, maana mwandishi wa msimbo naye hakuijua noti hiyo kabla ya kuisikia; aliichagua mbegu tu, na mara nyingi aliichagua baada ya kuzijaribu nyingine ishirini na kutoridhika.

Sasa, kama kila kitu kimo katika maagizo, je, jazba nayo imo? Katika miaka ya mwanzo ya 1960 Mmarekani Andrew Neher alipendekeza kwamba mdundo wa ngoma wenye kasi fulani huulazimisha ubongo kuufuata, na kwa njia hiyo humtia mtu katika transi. Mfaransa Gilbert Rouget, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu muziki na transi, alilikataa pendekezo hilo kwa hoja nyepesi isiyojibika: kama ingekuwa hivyo, nusu ya Afrika ingekuwa imepagawa mwaka mzima. Hoja hiyo inaweza kusogezwa karibu zaidi. Singeli ya Dar es Salaam, inayotengenezwa kwa kompyuta vilevile, mara nyingi hupita mapigo 200 kwa dakika, na kama kasi ndiyo inayopandisha, Manzese na Tandale kusingesalia mtu wa kumshika mwenzake. Waganga wa Pwani walilijua jambo hili bila maabara: kila kabila la pepo lina ngoma yake, pepo wa kibuki huko Unguja huitwa kwa kodiani na nyimbo zao, na ngoma isiyo yake haimwinui pepo hata ipigwe kwa ustadi gani.

Hata hivyo, haifai kuruka hadi upande wa pili na kusema kwamba sauti haina lolote. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika mlango wa Ihya Ulum al-Din unaohusu kusikiliza na wajdi, yaani ile hali inayoushukia moyo wakati wa kusikiliza, alikiri kwamba sauti nzuri ina athari ya kimaumbile, akataja mtoto mchanga anayenyamazishwa kwa wimbo na ngamia anayesahau uzito wa mzigo kwa sauti ya mchungaji wake. Lakini ngamia hapati wajdi. Kwa al-Ghazali, kusikiliza hakuutii moyo kitu kisichokuwamo. Hukitikisa kilichomo, kiwe upendo wa Mungu au tamaa ya chini. Inashangaza kwamba neno la Osmond, lililotoka njia nyingine kabisa, linasema jambo la jirani: nafsi hudhihirika, haitengenezwi. Mwandika programu basi anashughulika na sehemu ya ngamia, naye anaijua vizuri kuliko yeyote, milisekunde kwa milisekunde.

Tofauti ya kazi yake na ibada huonekana wazi zaidi kwenye dhikri. Katika halaka ya Qadiriyya, tarika iliyoenezwa sana Pwani na Sheikh Uways wa Barawa, pumzi za waumini ndizo ngoma, na anayeongoza huharakisha au hutuliza kwa kuwatazama watu wake, akiona nani amechoka na nani yuko karibu kuanguka. Msimbo haumtazami mtu. Anayeuandika hukaa peke yake, hedifoni masikioni, mwili umetulia, akirudia mizunguko minne ile ile mara mia, na kwa kigezo cha Rouget, aliyeitenga transi ya makelele na umati na ile hali ya upweke, ukimya na utulivu aliyoiita ekstasi, mtu huyo yu karibu na mtawa kuliko na mchezaji anayemtungia. Huenda hiyo ndiyo ibada pekee inayopatikana kwa hakika katika shughuli nzima, na haikuhitaji kuitwa hivyo.

Dai la Goa Gil, kwa hiyo, linasimama kwa nusu: aliyekwenda Anjuna kwa nia ya ibada aliweza kuipata ibada, ila hakupewa na kanda iliyokuwa ikichezwa. Al-Ghazali anamtaja Junaid wa Baghdad kuwa aliweka masharti matatu ya kusikiliza, nayo ni wakati, mahali na wenzi. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kuandikwa ndani ya msimbo.