Bei ya Mjusi

Nani kati yetu asiyemjua mjusi kafiri, yule wa ukutani anyemeleaye wadudu karibu na taa? Tumelala naye chumba kimoja miaka yote, wala hatujamshukuru kwa mbu anaowala. Mwandishi wa Mithali (30:28) anamtaja mjusi kuwa kiumbe dhaifu, lakini aingiaye hata katika majumba ya wafalme. Huyo hana shida ya makao. Leo twataka kusema habari za ndugu yake ambaye shida anayo.

Katika njia itokayo Morogoro kwenda Kisaki, chini ya milima ya Uluguru, upo msitu wa hifadhi uitwao Kimboza. Si mkubwa, yapata kilometa nne za mraba. Humo, na katika vipande vichache vya misitu ya jirani, ndimo aishimo mjusi wa buluu ambaye hapatikani porini mahali pengine po pote duniani. Urefu wake ni kama wa kidole. Dume hung'aa kwa buluu, na koo lake ni jeusi. Jike ana rangi ya kijani iliyochanganyika na shaba. Makao yake ni mkadi, mti wa ukoo mmoja na ule wa pwani wenye maua ya kunukia. Majani yake ni marefu, yenye miiba pembeni kama ya nanasi, na maji ya mvua hutuama katika mashina ya majani hayo. Mkadi ukianguka, mjusi amebomolewa nyumba.

Na ilianguka mingi. Wakamataji waliona ni kazi kupanda, wakaikata ili wawaokote mijusi chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kuwa kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kikundi kimoja tu kilichukua mijusi zaidi ya 32,000. Walipelekwa ng'ambo kuwekwa katika masanduku ya kioo sebuleni. Mwaka 2016 Serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai, na mwaka huo huo mataifa yaliyokutana Johannesburg yalikubali kukataza biashara ya mjusi huyu aliyetoka porini.

Tulikwenda kumwona, tukiwa na kibali na kijana wa kijijini wa kutuongoza. Njiani akatuuliza, kwa adabu kabisa, "Shikamoo zenu nazipokea vipi, wazee, ikiwa zamani watu walilipwa kwa kuwakamata, na leo twaambiwa tuwalinde bure?" Tulicheka kidogo kwa jinsi alivyoipindua shikamoo, kisha tukanyamaza.

Jibu linalotolewa siku hizi ni utalii. Waje wageni, walipe, kijiji kipate, mjusi apone. Hatulibezi. Huko Rwanda, fedha za wageni wanaokwenda kuwatazama sokwe wa milimani zimejenga shule na zahanati karibu na hifadhi, na sokwe wameongezeka. Lakini magari mengi yapitayo Kimboza yanawahi tembo na simba wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Nani atasimama kwa ajili ya kidole cha buluu? Tena mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege, wageni walikatika. Je, thamani ya mjusi nayo ilikatika hadi ndege ziliporuka tena? Na yule aliyemtia katika kioo naye alilipa, na bila shaka alisema anampenda.

Bwana wetu alipotaja shomoro (Luka 12:6) alianza na bei yao sokoni, nayo ilikuwa bei ya kuchekesha. Ndipo akasema kwamba Mungu hamsahau hata mmoja wao. Hakuagiza bei ipandishwe. Basi twaona kwamba mjusi huyu alikuwa na haki ya mkadi wake kabla ya mtalii wa kwanza, na atakuwa nayo hata asipokuja wa mwisho.

Hata hivyo ni rahisi kwetu wenye pensheni kusema hayo. Yule kijana hana pensheni.

Tena kuna jambo ambalo tungependa kulificha. Tulipofika kwenye mkadi, mjusi alijificha katikati ya majani, na macho yetu ni ya kizee. Kijana akasema, "Nikate jani moja mumwone vizuri?" Tukasema, "Kata." Alikata mawili. Dume akatokea, akatutazama, akarukia upande wa pili. Nasi tukashangilia kama watoto wa darasa la kwanza. Tulikuwa tumekwisha kurudi barabarani tulipoyakumbuka yale majani.

Tulimpa shilingi elfu kumi. Akashukuru, akauliza wageni wengine watakuja lini.