Jee, Shilingi ya Ijumaa Yatosha?

Kila Ijumaa baada ya swala, mbele ya milango ya misikiti yetu, tangu Lamu mpaka Vanga, na huko bara vile vile mpaka Naivasha na Nakuru, husimama safu ya watu wasioona. Mkono mmoja umeshika fimbo au bega la mtoto, na mkono wa pili umekunjuliwa. Sisi twatoka hali twazungumza, twavaa viatu, twatia shilingi katika mkono ule, twaombewa dua, kisha twaenda zetu kula. Na nyoyo zetu zimetulia. Suali nitakalo kuliuliza leo ni hili: utulivu ule wa moyo, jee, tumeustahili?

Asinifahamu mtu vibaya. Sisemi kuwa sadaka ni mbaya, wala simkatazi mtu kutoa. Nasema kwamba hata jambo jema laweza kugeuzwa pazia, likatuziba tusione deni lililo kubwa zaidi.

Sote twaijua sura ya Abasa, na watoto wetu huihifadhi chuoni kabla hawajaota meno ya pili. Twajua kuwa Abdullahi bin Ummi Maktum, naye ni mtu asiyeona, alimwendea Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, wakati Mtume alipokuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi kwa tamaa ya kuwa watasilimu. Na twajua lawama iliyoshuka kwa sababu ya uso uliokunjwa. Lakini liko jambo moja katika kisa hiki ambalo mimi mwenyewe nilisoma miaka mingi nisilione. Bin Ummi Maktum alikwenda kutaka nini? Hakwenda kuomba dirhamu. Alikwenda kutaka kusomeshwa. Lawama yote ile haikushuka kwa ajili ya sadaka aliyonyimwa, bali ilishuka kwa ajili ya ilimu iliyocheleweshwa kidogo tu, tena kwa udhuru ambao kila mmoja wetu angeuona ni udhuru mkubwa.

Sasa linganisha na mlango wetu. Yule aliyesimama pale, ni nani katika sisi aliyewahi kumuuliza atakacho? Tumekwisha kumjibu kabla hajasema. Shilingi ile, tukiipima vizuri, ni ujira wa kumnyamazisha.

Nalisema hili kwa sababu mimi ni mmoja wa walionyamazisha, na afadhali mtu aanze na nafsi yake.

Miaka kumi na mbili iliyopita nilialikwa Nakuru kusomesha darsa za Ramadhani katika msikiti mmoja wa mji ule, ambao sitautaja. Alikuwako mzee mmoja aliyekuwa dereva wa lori, akipita njia ya Nairobi na Eldoret kwa miaka mingi, mpaka presha ya macho ikamchukua nuru yake. Maradhi haya, kwa asiyeyajua, aghlabu hayana maumivu. Huanza kula pembeni mwa uoni, mtu akaona katikati tu kama achunguliaye katika mwanzi, na apatapo kutanabahi, sehemu kubwa imekwisha kwenda, na iliyokwenda hairejei. Dawa huhifadhi iliyobaki tu. Mzee huyu alipoacha usukani alianza kuketi msikitini. Sauti yake ilikuwa nzuri. Akawaomba wakubwa wa msikiti wamruhusu kuadhini. Wao wakaniletea mimi suala lile, kwa kuwa nilikuwa mgeni na nina kilemba.

Nikawajibu papo hapo: katika madhehebu yetu ya Shafi, kuadhini kwa asiyeona ni karaha, kwani haoni wakati. Wakaridhika. Mzee akaambiwa. Na kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine, baada ya muda akaonekana pale mlangoni, katika safu ile ile.

Yale niliyoyasema yamo vitabuni. Lakini nilisema nusu. Maulamaa wetu wameitaja karaha ile, kisha wakaiondoa pale pale iwapo yuko pamoja naye mwenye kuona wa kumjulisha wakati, na dalili yao ni Bin Ummi Maktum huyo huyo, aliyekuwa mwadhini wa Mtume pamoja na Bilali. Bilali akiadhini usiku, na Bin Ummi Maktum hakuwa akiadhini alfajiri mpaka aambiwe kwamba kumekucha. Tena huyu ndiye aliyeachiwa Madina nzima, zaidi ya mara moja, Mtume alipotoka kwenda safari za vita. Na kuhusu uimamu, waliotangulia katika madhehebu yetu wamesema wazi kuwa aonaye na asiyeona ni sawa. Yote haya niliyasoma nikiwa kijana, nikayasahau siku niliyohitajiwa kuyakumbuka. Kwa nini niliyasahau? Nimejiuliza sana. Nadhani ni kwa kuwa ile nusu ya kwanza ilikuwa nyepesi kwa kila mtu isipokuwa mmoja.

Na hivi ndivyo tulivyofanya katika mambo mengi. Madhehebu yetu imesema kuwa asiyeona hauzi wala hanunui kitu kwa kukionyeshwa, bali huweka wakili, ili asije akadanganywa. Sisi tukachukua hifadhi ile tukaifanya hoja ya kumtoa sokoni kabisa. Yule aliyelalamika kwamba hana wa kumwongoza msikitini aliulizwa kama husikia adhana, na aliposema ndiyo, akaambiwa aitikie. Sisi twamwambia: "Wewe una udhuru, kaa nyumbani." Twadhani ni huruma. Mtume alimtaka safuni. Sisi twamtaka nje.

Katika wale wanaosimama mlangoni, ndugu zangu, wako wasiopaswa kuwa vipofu hata kidogo.

Mwaka 2005 madaktari walizunguka katika wilaya ya Nakuru wakiwapima watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Wakaona kwamba kama 2 katika kila 100 ni vipofu, na sababu iliyozidi zote ni mtoto wa jicho. Mwaka 2007 na 2008 ukafanywa upimaji mwingine wa watu zaidi ya 4,000 wa umri huo huo, na wakaendewa tena mwaka 2013 na 2014. Safari hii ya mwisho ndipo ilipojaribiwa simu ya mkononi kupima uoni: mtu huonyeshwa herufi moja iliyogeuzwa huku na huku, naye huashiria kwa mkono imeelekea wapi, basi hata asiyejua kusoma hupimwa. Jambo lililobuniwa kwa ajili ya vijiji vya Nakuru sasa latumiwa katika nchi nyingi.

Na mtoto wa jicho ni nini? Si mdudu, wala si kijicho cha jirani. Ni kioo kilichomo ndani ya jicho kugeuka ukungu, aghlabu kwa uzee. Tabibu hukitoa, akaweka mahali pake kioo kidogo cha kutengenezwa. Kazi yenyewe haimalizi saa moja.

Lakini sisi twafanyaje? Bibi mmoja wa upande wa Njoro, niliyejuana na wanawe, alipoanza kufifiliwa alipelekwa kwa mwalimu wa kumwandikia kombe. Akanywa. Hakupona, akaongezewa hirizi. Kisha akaambiwa ana husuda. Kuku walichinjwa, ubani ukafukizwa, na fedha zikatolewa, kwa muda wa miaka minne. Mwisho mjukuu wake, msichana anayesomea uuguzi, akamchukua kwa matatu mpaka hospitali ya Nakuru bila ya kumuuliza mtu. Siku ya pili kitambaa kilipofunguliwa, bibi alimtazama kitukuu chake ambaye alimjua kwa sauti tu, akasema, "Kumbe wewe umemchukua marehemu babu yako kwa masikio!" Watu wakacheka. Mwanawe mkubwa hakucheka. Alikuwa ameinama, na naona alikuwa akiihisabu ile miaka minne.

Dua ni haki, na Qurani ni ponyo, wala mimi si katika wanaoyakanusha hayo. Lakini Mtume ametuamrisha kujitibu. Mwalimu aliyepokea fedha za bibi yule hali ajua kuwa hospitali iko mwendo wa saa moja, mimi sijui atajibu nini siku ya hisabu, na sijui sisi tunaomkaribisha katika mabaraza yetu tutajibu nini.

Vikope navyo vina habari yake. Katika sehemu kavu za Bonde la Ufa, Baringo, Narok na Kajiado, maradhi haya yamewageuza wengi kope zikaingia ndani zikawa zikilikwaruza jicho kila likipepesa, na mojawapo ya kinga zake kubwa ni kuosha uso kwa maji safi. Kuosha uso! Umma unaoosha uso mara tano kwa siku ungepaswa kuwa wa kwanza kuchimba visima huko. Lakini nimeona katika nchi zile misikiti yenye mnara mrefu na birika tupu.

Ama wale ambao nuru yao haitarejea, kama yule dereva wa lori, haki yao ni nyingine, nayo ndiyo ngumu zaidi, kwa kuwa hailipwi siku moja ikaisha. Hapa yatupasa tuone haya kidogo. Shule ya vipofu ya Thika ilianzishwa mwaka 1946, na walioianzisha ni jeshi la wokovu la Wakristo. Chama cha Vipofu cha Kenya kiliundwa kwa sheria mwaka 1956. Machakos pana chuo cha kuwafunza wasioona kazi za mikono. Na Likoni, hapa mbele ya macho yetu, ng'ambo tu ya kivuko, shule ya wasioona iliyopo ni ya jeshi hilo hilo. Watoto wetu wamesoma humo, wakafunzwa maandishi ya nukta nundu yanayosomwa kwa vidole, na wengine wakafika vyuo vikuu. Sisi hulalamika kwamba watoto hawa hupelekwa kwa Wakristo. Jee, tuliwapa pa kwenda? Misahafu ya nukta nundu imekwisha kuchapwa siku nyingi huko ng'ambo. Ni vyuo vingapi vya mwambao vyenye msahafu mmoja wa namna hii, na mwalimu mmoja wa kuusomesha?

Tena Katiba ya mwaka 2010 imetaka nafasi 5 katika kila 100 za vyombo vya umma ziendee watu wenye ulemavu, hatua kwa hatua. Serikali tunaijua kuilaumu kwa kutotimiza. Kamati zetu za misikiti na vyuo, sijasikia hata moja iliyojiuliza ina wangapi.

Wako watakaosema: hii ni kadari ya Mwenyezi Mungu, na aliyeondolewa macho yake akasubiri ameahidiwa Pepo. Kweli. Ahadi hiyo imethubutu, nami nawausia nayo wenye mtihani huo. Lakini angalia ameahidiwa nani. Ameahidiwa anayesubiri kwa kukosa macho; mimi na wewe hatukuahidiwa chochote kwa kusubiri kwetu juu ya taabu za mwenzetu. Subira ya namna hiyo ina jina jingine.

Nitatoa mfano wa mbio, na msishangae kuuona katika gazeti la dini, kwani Bonde la Ufa ndiyo nchi ya wakimbiaji. Mkimbiaji asiyeona hukimbia na mwenzake anayeona, na kati yao pana kamba fupi iliyoshikwa na mikono miwili. Kanuni ni kwamba anayeona hana ruhusa ya kumvuta mwenziwe, wala ya kuvuka mstari wa mwisho mbele yake. Akitangulia, wote wawili wamekosa. Kazi yake ni kumwambia hapa pana kona, hapa pana mtu. Na mwaka 2000 huko Sydney, Henry Wanyoike, mtu wa Kikuyu, alikimbia mita 5,000 na mwongozaji aliyeishiwa na nguvu njiani. Ikawa asiyeona ndiye anayemkokota anayeona, na medali ya dhahabu akaipata. Nilipoisikia habari hii nilimkumbuka Bilali na mwenziwe. Mmoja atazama mbingu, mmoja aita watu, na alfajiri ni ya wote wawili.

Mwaka jana nilirejea Nakuru. Nikamwendea yule mzee, nikakaa naye kibarazani kwake Bondeni, nikamweleza kosa langu lote, nusu niliyoisema na nusu niliyoiacha. Akanyamaza muda. Kisha akasema, "Shekhe wangu, watu walidhani nataka sauti yangu isikiwe. Mimi nilikuwa dereva, miaka yote nikiamka saa kumi za usiku. Nilitaka nipate tena sababu ya kuamka."

Nilimwomba msamaha, akanisamehe kwa haraka kuliko nilivyostahili. Siku ile ile tukaenda pamoja kwa wakubwa wa msikiti, nami nikiwa na kitabu mkononi. Walikisoma. Adhuhuri na alasiri wamempa, na kijana mmoja wa madrasa humgusa bega wakati ukiingia, ingawa mzee ana simu inayomsomea saa kwa sauti na hamhitaji sana. Ama alfajiri hawajakubali. Wasema baridi ya Nakuru ni kali na njia ina giza. Nami nikawauliza giza lile lamdhuru nani. Nimewaandikia barua, nami naingoja jawabu.