Mtoto wa Miaka Miwili na Roho ya Ukaidi



Mama mmoja aliniletea kijana wake baada ya ibada akasema, "Pastor, muombee huyu, ana roho ya ukaidi." Kijana hajafikisha miaka 2. Kosa lake? Akiambiwa avae viatu anasema hapana, akinyang'anywa simu anajitupa chini, na siku hizi anauma. Nilimwombea. Lakini hiyo roho sikuikemea, na nataka mjue kwa nini.

Mkaidi ni mtu anayejua lililo sawa, anaweza kulifanya, halafu anakataa. Ondoa kujua, ama ondoa kuweza, na lawama haina pa kusimama. Someni Kumbukumbu la Torati 1:39. Kizazi kizima kilifungiwa nchi ya ahadi, lakini wadogo wakaruhusiwa kuingia, kwa sababu walikuwa bado hawajui jema na baya. Mungu mwenyewe aliangalia umri kabla ya kuhukumu.

Na kuweza je? Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotusaidia kujizuia, huendelea kukomaa hadi mtu apite miaka 20. Huyu wa miaka 2 ana hamu kali, na breki ndio kwanza zinafungwa. Maneno anayo machache, kwa hivyo kuuma mara nyingi ni sentensi iliyomshinda kusema. Hata hiyo "hapana" yake mimi naifurahia. Amegundua juzi tu kwamba yeye ni mtu, si mkono wa mamake. Asiyeweza kusema hapana, ndiyo yake kwa Mungu itakuwa na uzito gani?

Miaka ya 1970 watafiti Charles Super na Sara Harkness waliishi Kokwet, kwa Wakipsigis. Super alikuta akina mama wakiwafundisha watoto kukaa na kutembea kwa makusudi, na watoto hao waliweza mapema kuliko wa Marekani. Hapo pia mtoto huitwa ng'om, yaani mwenye akili, akianza kufanya kazi za nyumbani bila kukumbushwa. Hiyo haiji na miaka 2, na wazee walijua kungoja. Katika Hosea 11:3 Mungu anasema alimfundisha Efraimu kutembea, akimshika mikono. Sasa mbona miguu tunaifundisha kwa subira, lakini moyo tunataka uje ukiwa tayari?

Najua mtaniuliza juu ya fimbo ya Mithali 22:15. Hata mstari huo unataja ujinga, si uasi, na mjinga hufundishwa. Tena Katiba yetu ya 2010, ibara ya 29, inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko, na mtoto wa miaka 2 ni mtu.

Sisemi aachwe aume watu. Mshike mkono, mwondoe, mwambie maneno machache, na kesho useme yale yale. Hapa Elgon View wengi wetu tunatoka alfajiri na kurudi giza likiingia, mtoto anashinda na dada. Wewe unakataza simu, dada anampa ili apike. Geti likifungwa sheria inabadilika, halafu jioni tunamwita mtoto mkaidi! Kaeni na dada, mkubaliane mambo mawili matatu tu, na mumheshimu, maana yeye ndiye mwalimu wa mchana kutwa.

Na Jumapili mtoto akilia katikati ya neno, usimfinye. Toka naye nje polepole, azunguke kidogo, mrudi. Mahubiri yatakungoja.