Ziwa la Chumbani

Samaki, kwa fikra za watu wa huku kwetu Mwanza, ni kiumbe wa kuvuliwa. Kuku hufugwa, mbuzi hufugwa, hata njiwa hufugwa; bali samaki huvuliwa, hukaangwa, huliwa, mambo yakaisha. Ndiyo maana nilipojenga hodhi la saruji katika chumba cha uani na kutia furu ndani yake, jirani yangu, mvuvi wa zamani ambaye nguvu za kuvuta nyavu zimemwishia, alikuja akatazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza: "Mwalimu, hawa wamekukosea nini?"

Nilicheka, lakini swali lile si la kuchekwa. Mzee huyu ameua samaki maelfu kwa maelfu na usingizi wake ni mzuri. Hawa wangu hawaliwi, wanalishwa asubuhi na jioni, naye akawaona wafungwa. Je, ndugu msomaji, ni nani kati yetu anayemdhulumu samaki zaidi: yule anayemtoa majini mara moja akamtia kikaangoni, au yule anayemweka hai miaka mitano kati ya kuta nne?

Jibu la haraka ni kwamba uhai ni bora kuliko mauti. Mimi silikubali kwa wepesi huo. Samaki aliye ziwani hamtegemei mvuvi kwa lolote. Anatafuta chakula chake, anawakimbia adui zake kwa akili yake, na hata siku anapoingia wavuni anaingia akiwa mtu huru, kama naweza kusema hivyo juu ya samaki. Wa kwangu ananitegemea kwa kila kitu, hata kwa pumzi. Nami ndiye niliyemfanya tegemezi; yeye hakuniomba.

Wasiojenga hodhi hudhani kazi ni kupanga tofali na kujaza maji. Meta moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, kwa hiyo sakafu ndiyo ya kwanza kuulizwa kama itaweza. Saruji mpya hutoa chokaa inayochoma samaki, hivyo hodhi hujazwa na kumwagwa, hujazwa na kumwagwa, kwa wiki kadhaa kabla halijapokea hata samaki mmoja. Maji ya bomba yana klorini, ambayo kwetu ni kinga na kwa matamvua ya samaki ni moto. Chumba nacho hutoka jasho. Kisipopitisha hewa, ukungu hupanda ukutani mpaka darini, na hapo mwenye nyumba husikia maneno ya mama watoto.

Lakini hayo ni ya fundi. Linalonishangaza mimi ni uchafu. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Ziwani sumu hiyo hupotea katika ukubwa wa maji. Hodhini humrudia mwenyewe. Kinachomwokoa ni bakteria wasioonekana kwa macho, wanaokaa juu ya kokoto na sponji za chujio. Wa aina moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wa aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na makali sana. Huja wenyewe, ila huhitaji wiki nne, sita, au zaidi ili waongezeke vya kutosha. Mtu anayetia samaki wengi siku ya kwanza huwaua katika maji yanayong'aa kama kioo. Hata bakteria wakishazoea, nitrati huendelea kurundikana, kwa hiyo kila wiki nachota robo ya maji kwa ndoo na kurudisha mengine. Umeme ukikatika usiku, naamka kuwasha jenereta ili pampu isisimame. Kwa ufupi, nimejitwika kazi ya mto, ya mvua na ya upepo, kazi ambazo ziwa huzifanya bila malipo na bila kulala.

Nimechagua furu kwa sababu ya yaliyowapata. Ziwa Victoria, lenye eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800, lilikuwa na aina zaidi ya 500 za samaki hawa wadogo, na karibu zote hazikupatikana penginepo duniani. Wako waliokwangua mwani juu ya majabali, waliovunja konokono, waliokula magamba ya wenzao. Wako hata walioishi kwa kunyang'anya mayai na watoto vinywani mwa mama zao, maana furu jike huatamia mayai yake kinywani. Wataalamu wa enzi za ukoloni waliwaona furu kuwa takataka: wadogo mno, miiba tele. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sangara akatiwa ziwani, awale hao wasio na thamani na kuwageuza minofu. Miaka ya 1980 sangara alifurika, na aina za furu zinazokadiriwa kufikia 200 zikatoweka. Sangara si mkosaji pekee. Udongo na mbolea za mashambani, pamoja na maji machafu ya miji, vimelifanya ziwa kuwa la kijani na zito, na katika kiza hicho jike haoni vizuri rangi ya dume wa aina yake, ndipo aina zikachanganyika.

Sipendi kumtukana sangara. Nyumba ngapi za Mwanza zimeezekwa kwa minofu yake, na watoto wangapi wamesomeshwa kwa fedha yake! Ila waliomleta walilitazama ziwa kama mimi ninavyolitazama hodhi langu: mtoe huyu, mweke yule. Tofauti ni kwamba mambo yalipoharibika hapakuwa na mtu wa kuamka usiku kuwasha jenereta.

Tangu miaka ya 1990, sangara alipovuliwa sana, baadhi ya furu wameonekana tena. Wengine hawakuonekana kamwe, na wamebaki kwenye matangi tu, ya bustani za wanyama na ya watu binafsi, huko Ulaya na Marekani. Je, hao wameokolewa? Mtu aweza kusema ni mzaha, samaki wa Nyanza kuzaliana vizazi kwa vizazi karibu na jiko la mtu asiyewahi kuliona ziwa lao. Mimi nawaheshimu wafugaji hao, lakini naona jambo moja limewabadilikia. Mwenye samaki wa kawaida ana haki ya kuchoka: atawagawa kwa marafiki, atavunja hodhi, chumba kitakuwa stoo. Mwenye samaki wa mwisho hana haki hiyo, wala hakumbuki ni siku gani aliipoteza.

Wangu si wa mwisho. Ni aina ambayo bado imo ziwani. Hata hivyo siwezi kuwarudisha, ingawa maji yako umbali wa kutembea kwa miguu. Samaki waliokaa hodhini huweza kupeleka ugonjwa, na wakichanganyika na wenzao huendeleza uharibifu uleule tuliousema. Mlango wa hodhi hufunguka upande mmoja tu. Wanangu wamekwisha niambia waziwazi kwamba hawataki habari za ndoo. Nimeandika maelekezo yote, chakula, maji, chujio, jenereta, nikayabandika nyuma ya mlango wa chumba kile. Chini kabisa nimeacha mstari wa jina la atakayenipokea, na mpaka leo uko mtupu.