Je, Kumwambia Mwenzako Kwamba Pombe Imekushinda ni Kujifedhehesha?



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Amma baad.

Ndugu Muislamu, leo hatukuandikii kwamba pombe ni haramu. Hilo unalijua, na yule anayekunywa analijua kukushinda wewe, maana analala nalo na kuamka nalo. Tunasema na yule anayekuja Ijumaa, akasimama safu ya nyuma ili pumzi yake isimfikie mtu, na ambaye ameapa kuacha mara ambazo yeye mwenyewe hazihesabu tena. Lotoko imemshinda. Hukumu haulizi. Anauliza: nimwambie nani?

Hapo pana ugumu wa kweli, kwa sababu tumefundishwa sitara. Mtume (s.a.w.) alimkemea mtu ambaye Mola wake amemsitiri usiku, kisha kunapokucha yeye mwenyewe anaivua sitara ile kwa kuwasimulia watu aliyoyafanya. Basi ndugu yetu akilishika fundisho hili ananyamaza. Ananyamaza mwaka huu na mwaka ujao, mpaka ini linaharibika, watoto wanafukuzwa shule, mke anarudi kwao. Je, hiyo ndiyo sitara iliyokusudiwa?

Tutazame vizuri. Aliyekemewa ni mwenye kutangaza dhambi yake bila haya, kama mtu asimuliaye safari. Mgonjwa anayefunua kidonda mbele ya muuguzi hakutangaza kitu. Mafakihi wameruhusu hata uchi ufunuliwe mbele ya tabibu kwa dharura, kwa kiasi cha haja. Basi aibu ya moyo nayo ina tabibu wake, na mara nyingi tabibu huyo ni mtu aliyewahi kuugua ugonjwa ule ule.

Hili si jambo la kubuni. Mwaka 1935, mjini Akron, Marekani, walikutana watu wawili, mmoja wa biashara ya hisa kutoka New York, mwingine daktari wa upasuaji. Wote walikuwa walevi, na wote walikuwa wamejaribu kuacha wakashindwa. Waliona kwamba mlevi humsikia mlevi mwenzake kuliko anavyomsikia mhubiri. Kutokana nao kikazaliwa chama cha Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina. Angalia: sitara imo ndani ya jina lenyewe! Anayeingia halipi ada; sharti ni moja tu, atake kuacha kunywa. Yanayosemwa mle hayatoki nje, nasi tumefundishwa kwamba vikao ni amana. Mwaka 1989, mjini Baltimore, Waislamu waliotaka kuacha vileo na madawa walianzisha chao, Millati Islami, wakaifuata njia ile ndani ya dini yetu.

Utasema: hayo ni ya Marekani, mimi niko Masisi, niko Ndjingala, nitakipata wapi kikundi? Na vita vimetutawanya. Vilifika Masisi-centre mwezi wa kwanza mwaka 2025, na Walikale-centre mwezi wa tatu. Jirani uliyemwamini hujui leo analala wapi. Kweli. Lakini wale walianza wawili. Sisi watu wa Kivu tunacheza likelemba, tunaaminiana pesa bila karatasi. Mtafute yule ambaye watu husema, "Zamani huyu alikunywa sana." Huyo yupo karibu kila kijiji, na kwa kawaida hakuna anayemwuliza aliachaje. Keti naye baada ya Isha. Watu wawili wameshakuwa kikundi.

Sasa nawe usiyekunywa, usidhani maneno haya yamekupita. Palikuwa na Sahaba aliyekuwa akimchekesha Mtume (s.a.w.), na aliadhibiwa kwa ulevi zaidi ya mara moja. Alipoletwa tena, mtu mmoja akamlaani kwa jinsi anavyoletwa mara nyingi. Mtume akakataza asilaaniwe, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Alipata adhabu, lakini hakutolewa katika jamaa. Kwetu sisi mara nyingi ni kinyume: hatumgusi kwa fimbo, tunammaliza kwa midomo. Ndugu akikuambia siri yake Ijumaa, na Jumamosi ikasikika sokoni, umewafungia mlango wengine kumi ambao hutawajua kamwe.

Liko jambo moja la hatari. Anayekunywa sana kila siku asikate ghafla peke yake. Katika siku mbili tatu za mwanzo anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kupata kifafa, kuona visivyokuwapo, na wengine hufa. Aanzie kwa muuguzi wa kituo cha afya au hospitali kuu ya Masisi, aseme ukweli wa kiasi anachokunywa. Kwa anayeweza kufika Goma, kipo kituo cha Tulizo Letu cha Mafrera wa Charité, kinachotibu magonjwa ya akili. Dawa haina dini, na msalaba ulio ukutani hautakupunguzia Uislamu wako.

Mwenzake afuatane naye. Akae naye usiku ule wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Kazi hiyo asiachiwe mke peke yake.